Jina la Nje na Ushahidi wa Ndani: Khabari za Kuipiga Picha Silikoni

Mwezi huu tumeonelea tuwaandikieni khabari ya jambo ambalo kwa kutazamwa juu juu ladhaniwa kuwa ni mchezo wa mafundi, kumbe ndani yake mna mafunzo makubwa kwa kila nyumba. Jambo lenyewe ni kuzifungua zile chipu ndogo za umeme zilizomo katika redio, simu, saa na mashine za hisabu, na kuipiga picha silikoni iliyojificha ndani yake. Sisi si mafundi. Elimu yetu ni ya chuoni, na ya shule ya msingi kwa kiasi chake. Walakini tuliingia katika khabari hii kwa mlango wa aibu, na yatupasa tuanze kwa kuueleza mlango huo.

TULIYEMDHANIA VIBAYA

Amplifaya ya msikiti wetu, itumikayo kupaza sauti ya adhana na darsa za jioni, ilizimika siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Watu wakachanga fedha. Fundi wetu, kijana ambaye sisi wenyewe tulimsomesha Juzuu Amma, akaifungua akasema kuwa transista mbili za kutolea sauti zimeungua. Akaenda kununua nyingine zenye namba ile ile, akazitia, na sauti ikarudi. Siku ya nne zikaungua. Watu wakachanga tena, naye akanunua tena. Mara hii hazikufika hata siku ya tatu.

Hapo maneno yakaanza barazani. Wengine walisema kijana hajui kazi. Wengine walisema kazi aijua sana, ila atia vitu vikuukuu na fedha azila. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukuwakataza waliosema hayo, na moyoni tulikuwa pamoja nao.

Kijana yule akatujia baada ya sala ya alasiri, mkononi ana mfuko wa karatasi. Akasema, "Shikamoo, Maalim. Sikuja kuapa. Nataka wazee watazame kwa macho yao." Akatoa transista ya zamani, iliyofanya kazi miaka mingi kabla ya kufa, na moja katika zile mpya. Zote mbili zilikuwa na kifuniko cha chuma chenye umbo la kofia, na juu yake namba moja. Akazibana katika jiliwa, akazikata vifuniko kwa msumeno wa chuma, kisha akaweka kioo cha fundi saa mbele ya kamera ya simu yake na kuzipiga picha, moja baada ya moja.

Katika ile ya zamani tuliona kipande cha kijivu king'aacho, upana wake kama punje ya choroko. Katika ile mpya palikuwa na kipande kama punje ya ufuta, kimekaa peke yake katikati ya chuma kikubwa kama mtu aliyepewa nyumba asiyoweza kuijaza. Kijana akatueleza kuwa umeme wote wa sauti hupita katika kipande hicho, na kikiwa kidogo hakiwezi kuubeba wala kutoa joto lake, basi huungua. Aliyeibiwa alikuwa yeye, nasi pamoja naye. Hata mwenye duka huenda naye aliuziwa hivyo hivyo bila ya kujua.

Tangu siku hiyo tulitamani kujua zaidi, na mpwa wetu asomaye ufundi akawa akitusomea na kutufasiria yaliyoandikwa juu ya jambo hili. Hayo ndiyo tuyaletayo hapa.

SILIKONI NA CHIPU

Silikoni imo katika mchanga, katika mawe na katika udongo. Ukiiondoa oksijeni, hapana asili nyingine iliyo nyingi zaidi katika gamba la ardhi. Lakini mchanga hauwi chipu mpaka silikoni yake itolewe kwa moto mkali, isafishwe mno, ikuzwe iwe nguzo moja ya fuwele, kisha ikatwe sahani nyembamba. Juu ya sahani moja huchorwa chipu nyingi kwa pamoja, halafu hukatwa vipande vipande.

Transista moja ni kama bawabu wa umeme: hufungua na kufunga, au huzidisha na kupunguza. Zamani kila transista ilikuwa peke yake katika kifuniko chake, kama zile za amplifaya yetu. Mwaka 1958 Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alionyesha kuwa sehemu mbalimbali za saketi zaweza kutengenezwa katika kipande kimoja. Yeye alitumia jermaniamu. Mwaka uliofuata, 1959, Robert Noyce wa kampuni ya Fairchild alitoa njia ya kufanya hivyo katika silikoni na kuziunganisha sehemu zake kwa mistari ya alumini iliyolazwa juu. Kilby alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000. Noyce alikuwa amekwisha kufa.

Na hili ni la kuangaliwa: michoro ya chipu huhamishwa juu ya silikoni kwa mwanga, upitao katika vioo vyenye sura ya saketi, mfano wa mpiga picha wa zamani atoavyo picha katika karatasi yake. Basi mwenye kuipiga picha chipu aipiga picha kitu ambacho chenyewe kilizaliwa kwa picha.

JINSI IFUNGULIWAVYO

Chipu tuzionazo madukani, ambazo mafundi huziita aisii, ni vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu. Weusi ule si chipu. Ni plastiki ngumu iliyomiminwa juu yake ili kuihifadhi. Silikoni yenyewe imo katikati, mara nyingi ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na nyuzi nyembamba kuliko unywele huiunganisha na ile miguu.

Kuifungua kuna njia tatu, kwa kadiri ya vazi lake. Iliyovikwa kofia ya chuma hukatwa kwa msumeno au tupa. Iliyo katika sanduku la kauri lenye kifuniko cha chuma hubanduliwa kifuniko kwa patasi nyembamba. Ama ile ya plastiki, ndiyo ngumu: katika maabara huunguzwa kwa tindikali kali ya moto, ambayo huila plastiki na kuiacha silikoni. Njia hii ya tatu si ya nyumbani kabisa. Mvuke wa tindikali ya naitriki huharibu mapafu, na mtu aweza kuuvuta leo asihisi kitu, akazidiwa usiku. Wazazi, tafadhalini, lijueni hili kabla watoto wenu hawajalijua kwa njia mbaya.

JINSI IPIGWAVYO PICHA

Hadubini za mashuleni hupitisha mwanga kutoka chini, ukapenya katika kitu kitazamwacho, kama jani au tone la maji. Silikoni haipitishi mwanga tuuonao. Kwa hivyo hutumika hadubini za watu wa madini, ambazo mwanga wake hushuka kutoka juu ndani ya lenzi ile ile ya kutazamia, ukagonga silikoni na kurudi machoni.

Lenzi ikikuza sana huona pahali padogo tu. Basi mpiga picha hupiga picha moja, akakisogeza kipande kidogo, akapiga nyingine, na kila moja huingiliana kidogo na jirani yake. Huenda zikafika mamia. Kisha programu ya kompyuta huzishona zikawa picha moja kubwa, mfano wa mkeka ushonwavyo kwa ukili mmoja mmoja.

Na ajabu ya picha hizo ni rangi zake. Huonekana waridi, kijani, zambarau na manjano, ilhali hapana rangi yoyote iliyotiwa. Juu ya silikoni kuna utando mwembamba wa kioo, na mwanga urudio juu ya utando hukutana na ule urudio chini yake. Rangi nyingine zikazidi, nyingine zikafa. Ni jambo lile lile tulionalo mafuta yanapotanda juu ya maji ya dimbwi. Penye utando mzito rangi ni hii, penye mwembamba rangi ni ile. Kwa hivyo mjuzi huisoma picha kama mpima asomavyo ramani. Mistari myeupe ni alumini, ndiyo njia za umeme. Na vile viraka vya mraba kandokando ni bandari ambapo nyuzi za nje huingia.

YALIYOONEKANA NDANI

Chipu iliyo nyepesi kwa mwanafunzi ni ile iitwayo 555, iliyochorwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi, kwa ajili ya kampuni ya Signetics, na kuanza kuuzwa mwaka 1972. Kazi yake ni kuhesabu muda: kuwasha taa na kuzima, au kupiga king'ora. Mpaka leo yapatikana kwa bei ndogo. Ndani yake mna transista zipatazo 25 tu, na katika picha huweza kuhesabiwa kwa kidole. Zile za kutolea umeme ni kubwa, kwa kuwa ndizo zibebazo mzigo, kama lilivyotufunza kopo la amplifaya yetu.

Intel 4004 ya mwaka 1971 ni chipu ya kwanza kuuzwa yenye akili yote ya kuhesabia ya kompyuta katika kipande kimoja. Ina transista kama 2,300. Mwenye kuitazama picha yake ukingoni ataona herufi mbili ndogo, F.F. Hizo ni herufi za Federico Faggin, Mtaliana aliyeichora. Aliitia sahihi kazi yake kama fundi wa milango ya Lamu au Unguja atiavyo alama yake katika mti, pahali ambapo mnunuzi hakujua kuwa papo.

Wengine waliacha zaidi ya herufi. Michael Davidson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, aliyekuwa akipiga picha za chipu kwa hadubini, alikuta humo vijipicha vya wanyama na vya masihara ambavyo wachoraji walivificha. Akavikusanya na kuwaonyesha watu. Na katika chipu moja ya kampuni ya Digital Equipment, ya miaka ya 1980, palichorwa maneno ya Kirusi yaliyokosewakosewa, yakiwakejeli wale ambao wangeiba na kuifungua ili kuiiga. Aliyeandika alijua kuwa msomaji wake wa pekee atakuwa mwenye hadubini.

Kuna na faida ya kuhifadhi. Chipu iitwayo 6502 ilitoka mwaka 1975 kwa dola 25, wakati zile za wenzao ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Ndiyo iliyotiwa katika kompyuta za kwanza za Apple, na kwa bei yake watu wa kawaida wakaweza kumiliki kompyuta majumbani. Mwaka 2009 Greg James na wenzake wakaifungua, wakaipiga picha, wakafuatisha kila mstari na kila transista, nazo ni kama 3,500. Kutokana na picha hiyo wakaijenga upya ndani ya kompyuta, ikawa yafanya kazi mbele ya macho ya watu, kila njia ikiwaka umeme unapopita. Hivyo elimu iliyokuwa karibu kupotea pamoja na wazee wake ikanusurika.

KOSA LILILOKAA MIAKA 30

Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Lynchburg, katika jimbo la Virginia, alikuwa akifanya hisabu ndefu za namba, akaona majibu hayapatani. Alijichunguza mwenyewe kwanza, akaichunguza programu yake, kisha akaona kuwa kosa limo katika chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel. Ukiitaka igawe 4195835 kwa 3145727, jibu la haki laanza na 1.33382, nayo ilijibu 1.33373. Tofauti ni ndogo, lakini mashine ya hisabu ambayo mara nyingine hukosea bila ya kusema ni mbaya kuliko ile iliyokufa. Kampuni ikalazimika kukubali kuzibadilisha chipu hizo, na ikatenga dola milioni 475 kwa khasara hiyo.

Ilielezwa wakati huo kuwa katika jedwali la kugawia lililochorwa ndani ya chipu, namba 5 zilisahauliwa. Mwezi wa Desemba 2024 Ken Shirriff wa California aliifungua Pentium ya zamani, akalipiga picha jedwali lile chini ya hadubini na kulisoma kitundu kwa kitundu. Akakuta kuwa zilizokosekana ni 16, si 5. Ila 11 katika hizo, kwa bahati, hazikuweza kuleta jibu la makosa. Basi kosa lililozungumzwa ulimwenguni kote kwa miaka 30 lilikuwa limeelezwa pungufu, na silikoni ilikuwa imelishika jibu lake muda wote huo, yangoja mtu wa kuitazama.

KHIANA YA JINA

Sasa twarudi kwenye lile lililotuumiza. Kampuni ya FTDI ya Scotland hutengeneza chipu inayounganisha kompyuta na vyombo vingine kwa waya wa USB. Mapema mwaka 2014 wapiga picha wa Urusi walifungua chipu mbili zenye jina hilo nje. Moja ilikuwa ya kweli. Ya pili ilikuwa chipu ya aina nyingine kabisa, imetiwa programu ya kuiga kazi ya ile ya kwanza, na juu ya silikoni yake yalionekana maandishi SUPEREAL. Nje jina moja, ndani jina jingine.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo FTDI ikatoa programu mpya iliyozifanya chipu za bandia zisitambulike tena na kompyuta. Kwa siku chache vyombo vya watu vikazimika, na wengi wao walikuwa wamenunua kwa nia safi pasina kujua. Malalamiko yakawa makubwa, na kampuni ikaiondoa programu ile. Hivi ndivyo khiana ifanyavyo: mdanganyifu amekwisha kula fedha zake na kwenda, na mzozo hubaki baina ya mwenye haki na asiye na hatia. Je, si ndivyo ilivyokuwa barazani kwetu?

Wala jambo hili si la vitu vidogo tu. Mwaka 2012 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ishughulikiayo majeshi ilitoa ripoti ya matukio yapatayo 1,800 ya vifaa vya umeme vilivyoshukiwa kuwa bandia katika vyombo vya kijeshi. Jumla ya vifaa hivyo ilizidi milioni moja. Vingi ni chipu kuukuu zilizong'olewa katika taka, zikasuguliwa jina la zamani, zikapakwa rangi na kuandikwa jina jipya. Ikiwa serikali yenye mali na wakaguzi hudanganywa, mtu wa kawaida dukani atajilinda vipi?

MPAKA WA USHAHIDI HUU

Lakini tusiizidishie picha sifa isiyo yake. Kwanza, chipu iliyofunguliwa kwa tindikali au msumeno mara nyingi haitumiki tena. Ushahidi wake huutoa kwa kufa kwake. Mwenye kununua elfu aweza kufungua chache azipime zilizobaki. Mwenye kununua moja hana nafasi hiyo. Pili, chipu za simu za leo zina transista kwa mabilioni, zimepangwa chini ya mistari ya chuma yenye tabaka nyingi, na ni ndogo kuliko mwanga uwezavyo kuonyesha. Hizo zahitaji mashine za elektroni na maabara kubwa. Hadubini ya kawaida hufaa zaidi kwa zile za zamani na zile nyepesi. Nazo bado ni nyingi majumbani mwetu.

NASAHA

Kwa wazazi: kifaa kikiungua, mwambieni fundi akurudishieni kile kilichoungua, wala msikitupe. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, ulizeni sababu kabla ya kufurahi.

Kwa vijana: mlango wa elimu hii haukufungwa kwa ajili ya matajiri. Amplifaya iliyokufa, kioo cha fundi saa na simu yenye kamera vyatosha kuanzia. Fungueni zile zenye kofia ya chuma tu, mbele ya mkubwa ajuaye, na macho yamefunikwa kwa miwani ya kazi. Tindikali msiiguse. Wala msikate transista za mashine za kurushia matangazo ya redio, kwani baadhi yake zina kauri nyeupe ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Kwa wenye maduka: mnunuzi hawezi kuipasua bidhaa kabla ya kuinunua. Hununua kwa kuliamini jina tu, na jina hilo ni amana mikononi mwenu.

Ama fundi wetu, alizipata transista mbili za kweli katika amplifaya mbovu iliyotupwa stoo ya madrasa, akazipima, akazitia. Ramadhani nzima adhana ilisikika mpaka mwisho wa mtaa. Usiku wa kwanza wa tarawehe tulisimama mbele ya watu tukasema kuwa tulimdhania vibaya, tukamwomba radhi kwa jina lake. Naye aliinama tu, akasema, "Yamekwisha, Maalim." Zile kofia mbili za chuma zilizokatwa twazihifadhi katika meza yetu chuoni, na kila mwanafunzi mpya huulizwa: ukizitazama kwa nje, ipi ni ya kweli? Mpaka leo hapana aliyeweza kujibu kabla ya kuzigeuza.